Mkono wa Nani Kwenye Sura ya Nne

Jumamosi, 2 Machi

Leo nyota hazikuwepo.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma haya baadaye nitajiona mwehu. Miaka minne mume wangu, Mwalimu, anaandika tasnifu yake, na miaka minne hiyo meza yetu ya chakula, Jumamosi mchana, ni ya tasnifu. Mume wangu anaandika kwa fujo, mimi napanga. Kila anapotaka kichwa cha habari anaweka nyota tatu mbele yake. Maana yake: mama watoto, hapa ni pako. Mimi napita nyuma na staili zangu, yaani mitindo ya vichwa iliyo kwenye programu. Kichwa cha ngazi ya kwanza, cha pili, cha tatu. Nafuta nyota, nabofya staili, namba inakuja yenyewe – 3.1, 3.2, 3.2.1. Yeye anakaa pembeni na kikombe chake akishangilia na kupiga makofi kama mtu aliye uwanjani. Hatujawahi kumwambia mtu habari za nyota. Ni zetu.

Leo kaniletea Sura ya Nne. Nimechomeka flashi, nimefungua faili. Hakuna nyota hata moja! Vichwa vyote vimeshapangwa. Namba zote zimekaa mahali pake, zimetulia, kama wageni walioingia bila hodi.

Nikamuuliza, hii imekuwaje? Akasema ah, nimeona nikupunguzie kazi. Kisha akajifunika gazeti. Gazeti lenyewe la wiki iliyopita!

Huyu ni mtu asiyeweza kurekebisha saa ya ukutani. Mwaka jana alipiga skrini ya kompyuta picha kwa simu yake, eti anahifadhi ukurasa. Leo apange vichwa vya ngazi tatu? Kuna mtu kampangia.

Tarehe 15 ndiyo mwisho. Chuo kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho, na asipopita mbele ya jopo siku hiyo wanamfuta. Miaka minne yote hewani. Yake na yangu. Sikukaa kwenye kiti kile kigumu Jumamosi zote hizo ili mtu mwingine aje kumalizia.


Jumapili, 3 Machi

Mwalimu kaenda kumwona mama yake. Ndivyo alivyosema.

Flashi kaiacha. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Kusema kweli nilitamani nikute kazi mbovu. Nilitamani nikute mtu kaandika namba kwa mkono, moja nukta moja, kama wafanyavyo wasiojua. Namba za mkono nazijua kwa kuzigusa tu. Ukibofya namba iliyowekwa na programu inapakwa kivuli cha kijivu – hiyo iko hai. Ukiongeza kichwa katikati, zilizo chini yake zote zinasogea zenyewe. Namba ya mkono haina kivuli. Hiyo imekufa. Ongeza unachotaka, itabaki pale pale. Lakini kwa macho tu, aliye hai na maiti wanafanana kabisa.

Nimebofya. Kivuli. Nyingine. Kivuli. Zote hai!

Halafu nikaangalia nafasi. Juu ya kichwa pointi 14, chini yake 4. Nikasimama kabisa. Hiyo ni yangu! Watu wote niliowahi kuwaona wanaweka 12 na 6. Mimi ndiye naweka 14 na 4, kwa sababu ofisini kwetu, ninakopanga ripoti, wahandisi wanapenda kichwa kikae karibu na maneno yake. Huyu mwanamke kafungua sura zangu za mwanzo, kazichungulia, kaniiga.

Naona nimeandika "mwanamke". Basi na libaki.

Nimetafuta jina la aliyehifadhi. Limeandikwa "Mtumiaji". Mtu mwenye roho safi huandika jina lake.


Jumanne, 5 Machi

Nimemweleza wifi. Nilikuwa nimeapa sitamweleza, lakini nikibana kitu moyoni napata kiungulia. Wifi ni mdogo wake Mwalimu, nesi, anakaa nasi, na mdomo wake hauna breki.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya vitunguu. Kisha akasema: "Wifi, wenzako wanakuta rangi ya mdomo kwenye kola. Wewe umekuta nafasi juu ya kichwa cha habari?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye kitunguu. Nilifurahi.

Lakini mdomo usio na breki una faida zake. Akasema kaka yake alipigiwa simu mwezi uliopita, akatoka nje kuongea. Mwanamke. Wifi alimsikia akisema, asante sana, bila wewe ningeaibika. Nikauliza nani? Akasema nadhani ni yule wa maktaba ya chuo, Bi Miwani.

Bi Miwani! Sikuwahi kusikia jina hilo ndani ya nyumba hii. Kwa nini sikulisikia? Mtu wa kawaida hutajwa.

Wifi alipoona uso wangu akaacha kucheka. Akasema tafadhali usirudie ya mwaka juzi. Hivi lini watu watanisamehe ya mwaka juzi? Mwalimu alikuwa anapokea simu za mwanamke kila jioni, akavaa suti, akasema anakwenda kikao. Nikamfuata. Mtu yeyote angefuata. Ningejuaje kwamba ni msiba wa mwalimu mwenzao? Nimeingia mlangoni na mwavuli juu kama rungu, waombolezaji wote wamegeuka. Mwalimu alicheka, akasema kwa watu mke wangu kaja kunipa pole. Nyumbani hakucheka. Alisema, safari hii nimekustahi. Ya pili nitafunga nguo zangu nikakae kwa mama.

Naye akisema kitu huwa anakifanya. Kwa hiyo safari hii hakuna mwavuli. Safari hii ni akili tu.


Jumatano, 6 Machi

Amerudi jua limeshazama. Jumatano iliyopita pia, sasa nakumbuka. Na ile nyingine.

Anasema maktaba.

Nimenusa shati. Linanuka karatasi. Afadhali lingenuka manukato, ningejua pa kuanzia.


Alhamisi, 7 Machi

Ofisini. Nilikuwa na ripoti ya daraja ya wahandisi, lakini akili yangu iko kwenye Sura ya Nne. Nimeikopi kwenye kompyuta yangu ya kazini – najua, najua.

Nimegundua kitu kibaya. Majedwali! Mimi miaka yote naandika namba za majedwali kwa mkono, moja moja, na yakibadilika nayapitia upya huku nalaani. Huyu kaziunganisha na sura. Jedwali 4.1, Jedwali 4.2, zinahesabika zenyewe. Nimekaa nikaangalia alivyofanya, hatua kwa hatua. Ni rahisi hata inaudhi. Nikaifanya kwenye ripoti ya daraja.

Mchana bosi akapita, akageuza kurasa, akasema safari hii umejipita mwenyewe. Nikasema asante. Nimepokea sifa za mwizi wangu na nimezifurahia! Ndio ubaya wa mwanamke huyu. Anajua kazi.


Jumamosi, 9 Machi

Meza ile ile, viti vile vile, mambo mengine kabisa.

Mwalimu alikaa yeye kwenye kompyuta. Mimi nilikaa pembeni na kikombe. Skrini kaigeuzia ukutani. Nikasema nipe Sura ya Tano nikupangie. Akasema usijali, itakuwa tayari. Nikasema nyota umeweka? Akasema nyota za nini tena, tumekua. Alikuwa anatania. Lakini yalinichoma kweli, nikaenda jikoni kupangua vyombo vilivyokuwa vimepangwa.

Nilipopita nyuma yake na sahani akafunga kifuniko cha kompyuta. Pap! Mtu mzima na mvi zake, anafunga kifuniko kama mwanafunzi aliyekutwa na katuni.

Nikamuuliza kwa upole kabisa: "Baba, ni nani anakusaidia?"

"Nani anisaidie?"

Swali kwa swali. Mtu msafi hujibu.

Nikasema nauliza tu. Akanitazama, akatabasamu, akasema utajua tu. Utajua tu! Nimelirudia neno hilo jioni nzima, kila nikiligeuza lina upande mwingine mbaya.

Wifi anasema huenda ni zawadi. Zawadi gani ya kuninyang'anya kazi yangu?


Jumapili, 10 Machi

Mwalimu yuko kwa mama yake. Nimepiga simu kwa mama mkwe, nikajifanya namjulia hali, nikasikia sauti ya Mwalimu nyuma. Sawa. Leo kweli yuko.

Flashi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, aliloliacha hapa. Nimeichukua. Na nimefanya jambo, na nimeridhika nalo, kwa hiyo naliandika.

Nimeingia Sura ya Nne, nikaziua namba zote za ngazi ya pili na ya tatu. Kichwa kimoja baada ya kingine. Naondoa namba ya programu, naandika ile ile kwa mkono. 4.1, 4.2, 4.3 mpaka mwisho. Nafasi zile zile, herufi zile zile. Ukitazama huoni chochote. Uzuri wa mtego ndio huo. Mwalimu peke yake hataona kitu hata akikodoa macho mpaka Krismasi. Ila fundi akiligusa faili, akibofya namba akakosa kivuli, atashtuka, atazihuisha. Hatavumilia. Mimi nisingevumilia.

Kwa hiyo flashi ikirudi nazibofya. Zikiwa bado maiti, hakuna fundi, nimemwonea mume wangu bure. Zikiwa hai, yupo. Nitakuwa na ushahidi, si mwavuli. Na kwa vyovyote vile nitazirudisha mwenyewe kabla ya tarehe 15. Ni kazi ya muda mfupi wa chai kuchemka. Hakuna atakayejua.

Jina la aliyehifadhi nimeliacha "Mtumiaji", kisha nimeirudisha flashi mfukoni, upande ule ule, imeelekea vile vile. Wifi alinikuta nimeshika koti, akaniuliza natafuta nini. Nikasema kifungo kimelegea. Akaangalia koti, akaniangalia. Wifi naye siku hizi ananichunguza mno.


Jumatatu, 11 Machi

Flashi imeondoka naye. Aliondoka anapiga mluzi. Hapigi mluzi huyu.


Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda. Bila mwavuli.

Ofisini nilisema jino. Nikapanda ngazi za maktaba nikiwa nimeshika shavu, maana sijui ni nani anamjua nani. Nje kuna mlinzi anayesoma kitambulisho chako kana kwamba ni barua ya posa. Ndani kimya, feni moja inazunguka na kulalamika, rafu ndefu za vitabu, na mbele kabisa dawati la mkutubi.

Bi Miwani huyo hapo. Miwani imening'inia kwenye mnyororo. Umri wa mama mkwe wangu! Mguu mmoja umefungwa bandeji, umelazwa juu ya kigoda, na anasinzia. Nikamsalimu shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akanielekeza viti vilipo, akarudi kusinzia.

Nikasema, labda ana binti.

Nikazunguka rafu. Nikamwona Mwalimu kwenye kompyuta za nyuma, pembeni, dirishani. Peke yake. Midomo inacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Mbele yake kitabu kinene kimeegemezwa kwenye begi. Anabofya, anasoma kitabu, anabofya. Ikafika mahali akakaa nyuma, akaangalia skrini, akapiga makofi bila kutoa sauti, viganja havigusani. Makofi yake ya Jumamosi. Anajishangilia mwenyewe.

Nilimtafuta mwanamke kila upande. Nikachungulia hadi nyuma ya mashine ya kopi. Nikasubiri. Hakuja mtu. Niliondoka nikijiambia labda kaniona mapema akajificha, na mpaka nafika kituo cha basi nilikuwa bado nalisema hilo, lakini sikuwa na nguvu nalo tena.

Kwa nini yale makofi yameniuma hivi?


Alhamisi, 14 Machi

Jioni nilimwambia, nipe flashi nipitie Sura ya Nne mara ya mwisho. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nilishapanga: nabofya, naona, nazirudisha, basi.

Alikuwa anaosha vyombo – anaosha, mimi nafuta, ndivyo tunavyofanya siku zote. Akasema: "Flashi ya nini? Nilikabidhi tangu Jumatatu. Nilifika tu chuoni nikawapa faili. Liko kwa jopo, haliguswi tena."

Sahani iliniponyoka. Haikuvunjika, ilizunguka chini kwa muda mrefu mpaka Mwalimu akaikanyaga kwa kidole kuinyamazisha.

Nikamuuliza hukuifungua kwanza? Akasema ya nini, Sura ya Nne ilikwisha, ile ndiyo fahari yangu. Kisha akafuta mikono, akasema kaa. Akasema sasa naweza kukwambia, maana kesho ndiyo yenyewe.

Naandika kama alivyosema. Mwezi wa pili aliitwa na jopo kwa mazoezi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mvi, alimwambia fungua faili hapa, ongeza kichwa cha habari katikati ya sura. Akashindwa. Akabofya huku na huku, akasema mke wangu ndiye anayejua. Wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliangalia jina la mwandishi kwenye faili, akakuta langu, maana faili lile nililianzisha mimi. Akasema: "Kama mkeo ndiye anayejua vichwa, ni nani anayejua yaliyo chini yake?" Wanaamini hakuandika yeye! Wanaamini ameandikiwa. Wakamwambia tarehe 15 atafanya mbele yao kwenye skrini kubwa, bila msaidizi, na watachagua wao pa kuongeza. Akishindwa, jibu wanalo.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema nakujua. Ungekwenda kuwararua.

Ni kweli, ningekwenda.

Basi akaenda maktaba kila Jumatano, akijizoeza kwenye faili la mazoezi. Bi Miwani alimtafutia kitabu, akampigia simu kilipopatikana, na akawa anamwachia kompyuta ya dirishani. Mambo ya majedwali ndiyo aliyatoa kitabuni. Nikasema na vichwa je? Nani alikufundisha vichwa? Zile 14 na 4?

Akanishangaa kabisa. "Miaka minne nimekaa pembeni yako. Ulidhani nilikuwa naangalia nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nimeshaandika humu kwamba mtu msafi hujibu, basi hapo ndipo pangekuwa pa kujibu. Mwalimu, namba za Sura ya Nne zimekufa, nimeziua mimi, ukiambiwa uongeze kichwa pale zihuishe kwanza. Maneno hayo tu. Kitabu anacho, angeelewa, angejiandaa.

Sikusema. Maana swali la pili lingekuwa kwa nini, na jibu ni kwamba nilidhani ana mwanamke. Tena. Naye alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tuhamie nyumba hii. Akasema kesho njoo nami, ukae nje, nataka uwe karibu. Nikasema nitakuja. Nikaokota sahani nikaifuta ingawa ilikuwa imeshafutwa.

Sura ziko tano. Watachagua wao. Si lazima iwe ya nne.


Ijumaa, 15 Machi

Niko kwenye benchi, korido ya ghorofa ya pili. Daftari nimelileta kwenye mkoba. Nikiacha kuandika nitaanza kutembea, na nikitembea viatu vyangu vinalia.

Asubuhi nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilimfunga tai, nikaanza: "Mwalimu, ile Sura ya Nne –"

Akainua mkono. "Leo usinifundishe, mama watoto. Leo niache. Kichwa kimejaa, ukiongeza neno kitamwagika."

Nikakaza fundo la tai. Na niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna ninayemwogopa: nilishukuru. Nilifurahi kunyamazishwa! Barabarani akawa anasema peke yake, chagua mstari, bofya staili, angalia namba. Chagua, bofya, angalia. Nilikuwa na nafasi kila tulipovuka njia. Nimemshika mkono tu.

Wifi alituombea mlangoni. Aliponikumbatia akaninong'oneza, ulipata kifungo? Anajua. Au hajui. Sina nafasi ya wifi leo.

Mlango wa chumba una kioo kirefu. Nikiegemea mwisho wa benchi naona vizuri. Wako watatu: mwenyekiti mwenye mvi, mmoja mwenye suti ya bluu, mmoja mnene anayekula njugu kimya kimya kutoka mfukoni. Mwalimu amesimama kwenye kompyuta, faili limetandazwa ukutani. Sauti inatoka kupitia uwazi wa juu ya mlango.

Wamemuuliza matokeo. Amejibu! Umbali wa shule, mahudhurio ya watoto, kwa nini wasichana wanakatisha masomo mwaka wa tano. Hakusoma popote. Amejibu kama mtu anayeeleza njia ya kwao. Mnene ameacha njugu. Mimi hapa machozi yananitoka kama mjinga, maana kweli ni yake, neno kwa neno, mimi nilikuwa napanga tu samani.

Sasa mwenyekiti anasema tufanye lile jambo letu.

Anasema Sura ya Nne.

Anasema, kati ya 4.2 na 4.3, ongeza kichwa. Mahudhurio wakati wa mvua.

Mwalimu ametabasamu. Ametabasamu kwa sababu ndiyo sura anayoipenda. Ameweka mshale, ameandika, amechagua mstari. Amebofya staili.

4.1.

Kubwa, nyeusi, ukutani. 4.1, chini ya 4.2. Na 4.3 imebaki pale pale, haikusogea. Bila shaka haikusogea.

Amefuta. Amerudia, polepole, midomo inacheza. 4.1. Mwenye suti ya bluu amecheka kwa pua. Mwalimu amefuta tena. Naona mgongo wake, shati limeanza kumgandia. Zamani ikifika hapa angeita, mama watoto, njoo uone. Hakuita. Hakugeuka hata mlangoni.

Kisha amefanya kitu ambacho sikukitegemea. Amebofya namba ya 4.2. Hakuna kivuli. Amebofya 4.3. Hakuna. Ameshuka nazo zote mpaka chini, moja moja, mimi nazihesabu naye. Amenyooka. Amesema kwa sauti ya darasani kabisa: "Namba hizi zimekufa. Mtu amezigonga kwa mkono. Mimi nilizikabidhi zikiwa hai."

Ameona! Peke yake ameona. Mtu niliyesema hataona mpaka Krismasi.

Mwenyekiti ameinama kwenye kompyuta, anatafuta kitu. Anamuuliza kitu ambacho sikisikii vizuri. Mwalimu anatikisa kichwa. Anatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Mnene anaandika.

Mwenyekiti ametoka. Amefunga mlango taratibu nyuma yake, amekuja mpaka hapa. Kwa karibu ana sura ya mtu asiyelala vizuri. Aliniuliza, wewe ndiye mkewe? Nikasema ndiyo. Akasema faili linaonyesha lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumapili mchana. Mume wangu anasema Jumapili alikuwa kwa mama yake, flashi ilikuwa nyumbani, na nyumbani hakuna mtu anayeweza kumfanyia hivyo. Ameapa juu yangu, mbele yao. Anasema afadhali afutwe yeye kuliko nishukiwe mimi.

"Kwa hiyo nakuuliza wewe," akasema. "Jumapili ni nani aliligusa?"

Nikimwambia ni mimi, wanaandika kwamba ni kweli, mke ndiye anayeshika kazi hii, walisema tangu mwanzo. Nikimwambia sijui, wanaandika kwamba hajui kazi yake mwenyewe. Naye yuko nyuma ya kioo hicho, amegeuka sasa, anatutazama. Ananitazama bila shaka yoyote.

Nimemwomba mama huyu dakika moja. Amesimama hapa kando ya benchi, mikono nyuma, ananisubiri. Ameona kalamu inakwenda. Anadhani ninaandika jibu.